Kipande cha Kujaribia

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana nikitanguliza salamu najijua, nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Jeshi letu la vibeti, vile visanamu vyetu vya chuma vya kuchezea vita mezani, nimeliharibu. Si mmoja wala wawili. Wote.

Haya, sasa salamu. Hamjambo huko? Shemeji anaendeleaje na mgongo? Wapwa zangu wasalimie, waambie mjomba wao bado ana kitambi kilekile. Sisi tu wazima. Wifi yako kabadilishiwa zamu, siku hizi anatoka nyumbani mimi bado napiga mswaki, kwa hiyo ndoa yetu imetulia sana. Shangazi kavunja jino la mbele akitafuna mfupa. Anasema atakuja kwako umtengenezee jingine hapo karakana yenu ya meno, na hataki la kawaida, anataka lile linalong'aa.

Naandika barua kwa sababu simu umenifungia. Nimejaribu kwa namba ya wifi yako, naona na yeye umemfungia.

Sasa jambo lenyewe. Uliponiandikia Januari kwamba unawataka vibeti huko kwa ajili ya mashindano ya chama chenu, nilisema kabla hawajasafiri niwapige vanishi, rangi isichubuke njiani. Niliwapanga juu ya ubao gereji, baada ya wenzangu kwenda kula. Nikachukua chupa isiyo yenyewe. Badala ya vanishi ya maji, nikatia klia, ile ya kung'arisha tunayopigia magari, kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Unaijua klia, ndani yake kuna thina inayoyeyusha rangi, na rangi zako ni za maji. Nilipomaliza kupuliza na kugeuka kuwaangalia, ndevu zilikuwa zimekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Macho yameteleza mashavuni. Mfalme ana pua mbili.

Ilikuwa haraka tu, na bahati mbaya. Lakini kosa ni langu na nalibeba. Najua kazi uliyoifanya pale, brashi yenye nywele tatu, kibeti mmoja siku nne.

Nakutumia mmoja ndani ya hii bahasha, yule mpiga pembe, nimemfunga kwa pamba. Mwangalie kama kuna la kuokoa. Wengine ninao hapa kwenye sanduku lao.

Nisamehe.

Kaka yako


Tarehe 30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, si ya ulichokifanya.

Watoto wazima. Mgongo wa shemeji yako mwachie mwenyewe. Wifi sina ugomvi naye, nilimfungia kwa sababu kila akipiga nasikia pumzi zako pembeni.

Shangazi ameshafika, amekaa kwangu siku tano, jino kapata. Siku ya pili kinywa chote kimejaa unga wa kuchukulia vipimo, akavitoa vidole vyangu mdomoni na kuniambia nisinunue tena rangi za ovyo, maana kaka yako anasema ndizo zilizowaharibu wale watu wenu wafupi. Nikamuuliza kaka gani. Akasema kwani unao wangapi.

Kwa hiyo mimi umeniandikia kosa ni lako na unalibeba, na Shangazi ukamtwisha kuwa ni langu. Una mabega mawili kweli.

Umesubiri jibu muda mrefu, najua. Nilikuwa na mpiga pembe. Nimemweka kwenye meza yangu karakana, chini ya taa na kile kioo cha kukuzia tunachotumia kwa meno. Wenzangu walidhani ni mteja. Nimemgeuza kila upande, na nitakuambia nilichokiona, kwa sababu mimi nakaa siku nzima natazama vitu vidogo vilivyofanywa na mikono ya watu wengine.

Klia imepigwa vizuri mno. Nyembamba, sawasawa, mpito mmoja kwenda na mmoja kurudi. Umeingia chini ya kwapa. Umeingia nyuma ya pembe. Huyu si mtu aliyechukua chupa bila kuangalia. Na klia inanuka, Kaka. Mtu akiifungua gereji, aliyeko barabarani anajua. Wewe umeivuta miaka ishirini na tano, utaichanganya na vanishi ya maji ambayo haina harufu yoyote?

Lakini haya yote ningekuachia. Ningesema umechoka, una mafua. Kinachonishinda ni kimoja. Tangu nikufahamu hujawahi kupuliza kitu bila kujaribu kwanza kwenye kipande. Geti la nyumba ya Mama, geti tu la bati, ulilijaribia kwenye mfuniko wa ndoo, ukatuzuia sote kuingia ndani mpaka mfuniko ukauke. Baiskeli yangu ulijaribia kwenye mkebe. Vijana wa gereji wanakuita Subiri kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo na siku ile ulijaribu. Nauliza maswali mawili tu. Ulijaribu kwa nani? Na ulipoona amekunjamana, kwa nini uliendelea?

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Barua imefika. Marahaba. Hapa wazima. Binti yangu kapata kazi maktaba, wiki ya kwanza kakaripiwa kwa kucheka kwa sauti, nadhani kakuiga wewe. Mvua imeingia gereji, tumehamisha kompresa.

Shangazi nilimwambia neno moja, yeye kaongeza kumi. Unamfahamu.

Hayo maswali yako sijui unayatoa wapi. Mtu anakuja kwako kichwa chini anasema nimekosa, wewe unamvalisha miwani na kumtazama kwapa. Kwani mtu hawezi siku moja akasahau kujaribu? Wewe hujawahi kumtengenezea mtu jino likakataa kuingia?

Na tukianza kuulizana, na mimi ninalo langu. Barua yako ya Januari ninayo hapa. Tulipoanza hili jeshi tulikubaliana nini? Kuanzia viatu kwenda juu ni wewe, kuanzia viatu kwenda chini ni mimi. Wewe umepaka, mimi nimetengeneza vitako vya kuwasimamishia, kila kibeti na kitako chake. Si mchanga uliomwagwa kwenye gundi. Nimekata vizibo nikavipasua viwe miamba. Nimepepeta mchanga kwa soksi ya wifi yako. Nimechukua vumbi la mbao nikalitia rangi, nikalikausha, nikalirudia kwa sababu halikufanana na majani ya mlimani. Na ukiwapanga wote safu kwa safu, barabara inapita chini yao, inaanzia kwa mpiga ngoma kushoto mbele inaishia kwa mbeba shoka kulia nyuma, haikatiki hata mahali pamoja. Ile barabara ilinichukua mwaka.

Wewe ukaandika hivi, nanukuu: "Wabandue, vitako vitupe tu, kuna mtu hapa atawawekea vingine." Tu. Vitupe tu.

Huyo mtu ni nani? Wala usinijibu.

Basi tukubaliane kila mmoja ana la kwake, tuliache. Niambie nikutumie sanduku au nilitupe, maana kwako naona kutupa ni jambo jepesi.

Kaka yako


Tarehe 11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Hongera kwa binti, mwambie acheke tu.

Sijalala na barua yako chini ya mto kama unavyodhani. Niliisoma, nikaiweka, nikafanya kazi zangu mwezi mzima, leo nimeona nikujibu tumalize.

Huyo mtu ni mwalimu wa hesabu, ana miaka sabini, yuko kwenye chama chetu. Chama kinacheza kwa vitako vya duara na vyako ni vya mraba. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia yeye. Wewe nitakupa ya kweli. Nilichoka kuwasimamisha watu wangu juu ya vitu vyako.

Unaisifia barabara. Nzuri, sikatai, mwalimu wa hesabu mwenyewe alipoiona kwenye picha alisema huyu mtu ana jicho. Lakini nikiiangalia mimi naona mlango. Miezi ile yote Mama yuko kitandani, mimi nimekaa pembeni yake na meza ya chai imejaa vibeti, wewe ulikuwa unaishia mlangoni. Mguu mmoja ndani, mmoja ukumbini. Unachukua waliokauka, unauliza anaendeleaje na umeshageuka mgongo, unarudi gereji kwenye vizibo vyako. Mama alikuwa anakusalimia kisogo. Ukarudisha vitako vizuri kila Jumapili, na kila mtu akasema mwone kaka yake anavyomsaidia.

Sikukusema wakati ule, na baada ya mazishi sikukusema. Nilihama, nikaona kwamba nikivunja tu vile vitako itatosha, sitahitaji kusema. Sasa nimesema.

Sanduku usilitupe. Usilitume. Swali langu liko palepale ulipolikanyaga. Ulijaribu kwa nani, na kwa nini uliendelea. Barua nyingine isiyo na hilo jibu sitaifungua, naujua mwandiko wako kwenye bahasha.


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Wote wazima, salamu ni hizo, leo sina nyingine.

Nilijaribu.

Nilikuwa na chupa zote mbili mkononi, vanishi na klia. Lebo niliisoma. Niliisoma hata yale maandishi madogo ya tahadhari ambayo hakuna fundi anayeyasoma. Barua yako ya Januari ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli. Nilikuwa nimekaa nayo siku tatu, nikinyanyua gari naisoma, nikipiga msasa naisoma. Vitupe tu.

Nikamchagua mmoja wa kujaribia. Unavyojua, gereji kipande cha kujaribia ni kile ambacho kikiharibika hakuna hasara. Nikawapitia wote kwa macho. Nikamtoa yule wa safu ya nyuma mwenye ndevu za kijani. Huyo tangu zamani nilimwona ni kazi mbovu. Wenzake wote ndevu nyekundu, nyeusi, za mvi, msuko kwa msuko, yeye kijani kibichi kimepakwa mpaka kwenye ngao, jicho moja limezibwa. Nilisema huyu ulimpaka siku umechoka ukaona aibu kumtupa. Ndiyo maana wakati wa kupanga nilimweka nyuma kabisa, mwenye shoka kubwa amfiche.

Nikampiga klia. Nikasubiri. Ndani ya dakika chache ndevu zikavimba, zikakunjamana. Nikachukua kitambaa chenye thina nikamfuta, kama tunavyofuta kipande baada ya kujaribu, nikamrudisha. Nikasimama. Vijana walikuwa bado hawajarudi, kompresa inanguruma peke yake. Nilikuwa na nafasi ya kuiweka ile bunduki chini, mdogo wangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Nikaijaza, nikawapiga wote. Polepole, vizuri, kama ulivyoona. Niliona kwamba kama hawatasimama juu ya vitako vyangu basi wasisimame kwa mtu. Nilipomaliza nilijisikia vyema kwa muda wa kama kunawa mikono. Halafu nikamwona yule mpiga pembe, macho yanamtiririka, nikakaa chini kwenye tairi.

Na kuhusu mlango, ni kweli. Nilikiogopa kile chumba. Harufu ya dawa, na vile alivyokuwa amebaki mdogo ndani ya shuka. Nilijiambia ninasaidia. Nilikuwa natafuta kazi yoyote ya kufanyia ukumbini.

Shangazi nilimdanganya, hakuongeza hata neno. Jumanne nitakwenda kumwambia.

Hilo ndilo jibu. Sikuombi kitu.

Kaka yako


Tarehe 1 Juni

Kaka,

Yule mwenye ndevu za kijani alipakwa na Mama.

Ilikuwa alasiri, alikuwa ameamka vizuri siku ile, kanywa supu yote. Akaniangalia napaka, akasema, "Mbona wote wamenuna? Nipe mmoja." Nikamshika kiwiko. Nikamsogezea nyekundu akaikataa, akachovya kwenye kijani niliyokuwa nimeitoa kwa ajili ya vazi la mfalme. Mkono ulikuwa unatetemeka, ndiyo maana imefika kwenye ngao. Jicho alilifunika kwa bahati mbaya, akacheka mpaka akakohoa, akasema huyu anakonyeza.

Nilitaka kukuita umwone. Akanikataza. Alisema, "Usimwambie kaka yako. Tuone kama atamtambua."

Ulipomchukua Jumapili ile na wenzake, Mama alikuwa anakuangalia mkono. Wiki iliyofuata akaniuliza kama umesema chochote. Nikamwambia bado. Akauliza tena, na tena. Mara ya mwisho nikamdanganya, nikamwambia umemsifia.

Nakuuliza jambo moja. Kimebaki nini? Niambie ukweli kama ulivyo, usinipambie. Na usimwoshe, usimpake, usimrekebishe yeye wala mwingine yeyote. Sitaki fundi.


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Shikamoo. Ndiyo, leo mimi ndiye ninayekuamkia, nimeona hivyo.

Barua yako niliisomea gereji, chini ya gari la mteja, nikabaki huko mpaka mwenye gari akaja kuuliza kama nimekufa. Wifi yako nilimpa aisome. Alitandika kitanda cha wageni, akanionyesha kwa mkono, na ndipo ninapolala.

Shangazi nilimwendea Jumanne ile niliyokwambia. Nilidhani atanitukana nipate kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, nikasema hapana, akasema basi nenda kwako ukale. Mlango akaufunga taratibu. Sijawahi kumwona Shangazi akifunga mlango taratibu.

Umeuliza kilichobaki. Nimemtoa, nikamwangalia mchana dirishani kwa kioo nilichoazima kwa fundi saa, sikumgusa kwa kitu chochote ila vidole. Mbele ya ndevu ni chuma kitupu, nilimfuta vizuri, sitakuficha. Ngao imefutika. Kwenye mifereji ya msuko, kule kitambaa hakikufika, kuna kijani, nyembamba kama uzi. Chini ya kidevu kuna kiasi cha kucha ya mtoto. Lile jicho lililozibwa bado limezibwa, na bado ni kijani. Ni hayo tu. Sikuandikii ili upate nafuu, wala mimi nipate. Umeuliza, nami nimeangalia.

Nilimshika kwa miezi, mdogo wangu. Nilimtobolea kitako, nikambandika, nikampulizia vumbi miguuni. Nikamwona kila mara nilipowapanga. Yeye ananikonyeza, mimi natafuta mahali pa kumficha. Nimejaribu kukumbuka kama kuna siku hata moja nilijiuliza huyu kapakwa na nani. Hakuna.

Umesema hutaki fundi, na sitawarekebisha. Sitaosha wala sitapaka. Lakini Januari uliniomba jambo moja nikalikataa kwa njia ile, na hilo naweza kulifanya bila kugusa hata unywele wa ndevu. Nimeanza jana kuwabandua kutoka kwenye vitako. Natumia wembe mwembamba na mkono, sipigi nyundo, naingia kati ya kiatu na mchanga pole pole mpaka gundi iachie. Jana wameachia sita. Barabara imeshakatika katikati. Nilidhani itaniuma zaidi ya hivi. Vitako nimevitupa kwenye pipa la gereji, na leo asubuhi limekwenda kumwagwa, kwa hiyo hata nikitaka kubadili moyo sina pa kuokotea.

Yule wa kijani nitambandua wa mwisho, siku nitakayokuwa sijachoka.

Hukusema nije, na nyumbani kwako sitakuja. Nitakuja karakana. Jumamosi tarehe 21 mwezi huu, saa nne asubuhi, nitakuwa nje ya geti lenu na sanduku. Sitalituma kwa mtu wala kwa gari, nitalipakata njia nzima. Wote watakuwamo, wamefungwa pamba mmoja mmoja, miguu mitupu, na mpiga pembe wako utajua mwenyewe pa kumweka. Ukitoka nitakukabidhi mkononi, na kama una la kuniambia nitasimama nilisikie lote, sitageuka. Usipotoka nitamwachia mlinzi, nitangoja ng'ambo ya barabara mpaka nione limeingia ndani, halafu nitapanda basi la saa nane kurudi.

Kaka yako